Yule Mama Aliyekuwa Akiongea na Bibi

Mama,

Shikamoo. Nimenyamaza kidogo baada ya kuiandika hiyo salamu, kama ulivyotufundisha, kwamba mtoto hasemi lake mpaka aitikiwe. Sasa naona niendelee tu.

Nimekaa kwenye meza yako ya kukatia vitambaa. Ndiyo meza pekee humu ndani inayonitosha viwiko vyote viwili. Cherehani nimeisogeza dirishani, na Mama Glory wa nyumba ya pili ameshaiulizia, nikamwambia bado. Sijui bado nini. Mtaa wote wa Lemara umo ndani ya wingu, baridi ya Julai kama unavyoijua, na mlima hatujauona tangu juma lililopita. Watoto wanakwenda shule wamevaa soksi mikononi.

Nataka nikusimulie jambo lililotokea shuleni kwetu Siku ya Wazazi. Linakuhusu wewe, linamhusu bibi, na linamhusu yule mama yenu wa kwenye redio.

Unakumbuka kila asubuhi ulikuwa unawasha redio kabla hujawasha jiko, halafu unasema, "Hebu tumsikie mama kaamkaje leo." Taarifa ya habari ikianza unanyamaza, pini zimekujaa mdomoni, unasikiliza. Zikiwa habari nzuri unasema, "Leo kaamka vizuri." Zikiwa za ajali, au mafuriko, au wakubwa waliogombana, unatikisa kichwa na kusema, "Leo kaamka na kichwa." Mimi nilipokuwa darasa la kwanza niliamini kabisa kwamba huyo mama yupo. Niliamini anakaa nyuma ya Mlima Meru, upande ule ambao hatuuoni, ana gauni la maua kama lako na mwanya mkubwa, na asubuhi kuna watu wanaokwenda mlangoni kwake kumwuliza ameamkaje, halafu wanakuja kututangazia sisi. Siku moja nilikuuliza jina lake. Ukanijibu bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani, "Anaitwa nchi. Hebu nishikie upindo huu."

Nikakushikia upindo. 

Mwaka huu mkuu wa shule aliniita ofisini akaniambia, "Mwalimu, wewe wa historia, utuandalie igizo la Siku ya Wazazi. Kitu cha uzalendo. Mgeni rasmi atakuwepo." Nikatoka pale sina wazo hata moja. Nilipofika darasani, kidato cha tatu, nikajikuta nawauliza swali ambalo sikulipanga. Niliwauliza, "Kama nchi yetu ingekuwa mwanamke, angekuwa mwanamke wa namna gani?"

Mama, natamani ungekuwepo. Hawa watoto ambao nikiwauliza sababu za Vita vya Majimaji wanatazama dirishani, siku hiyo hakuna aliyetazama dirishani. Kuna kijana anaitwa Gadi, mbishi, baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi. Akasema huyo mwanamke ana miaka sitini na kitu, ahesabiwe tangu uhuru. Naserian akamkatalia. Naserian ni msichana mrefu, mpole, anakaa nyuma, amelelewa na bibi yake. Akasema, "Gadi, kwani wewe ulizaliwa siku uliyopewa cheti? Huyo mama ni mzee sana. Kabla ya majina yote hayo alikuwepo na alikuwa na ng'ombe." Darasa likacheka. Mwingine akasema hapana, ni kijana, kwa sababu kila siku anaanza upya. Mwingine akauliza anaongea lugha gani akiwa peke yake. Hapo tukakwama mpaka kengele ikalia, maana wote walikubali kwamba mbele za watu anaongea Kiswahili, lakini akijikwaa kidole usiku analia kwa lugha gani? 

Siku ya pili wakaja na Muungano. Ni wanawake wawili sasa, au mmoja? Ni wake wenza, au ni dada? Gadi ndiye aliyetoa jibu lililowaridhisha wengi: ni ndugu wawili waliounganisha nyumba wakaunganisha na majina, ila kila mmoja amebaki na jiko lake. Nilicheka mpaka nikakaa.

Tukaanza kulitengeneza igizo hivyo hivyo, kwa maswali. Naserian tukampa awe yeye, huyo mwanamke. Anasimama katikati ya jukwaa na wengine wanamjia. Mjerumani anakuja anampa jina asilolijua na kumwelekeza asimame wapi. Mwingereza anakuja anakuta kiti kina joto bado, anakikalia, anabadilisha jina. Kisha anafika mwanafunzi mmoja anamwambia sasa uko huru, na yeye anajishika mikono yake mwenyewe, hivi, kama mtu aliyerudishiwa. Halafu anaambiwa ahamishe vyungu vyake viwe karibu na vya wenzake kijijini. Halafu wanawe wanakwenda vitani mpakani. Halafu anapanga foleni ya sukari na sabuni, na foleni ile Gadi aliipanga mpaka nje ya mlango. Halafu wanawe wengine wanakuja kumwomba shamba, barabara, kazi. Mwisho kabisa anakuja mtalii na kamera na kumwomba, kwa adabu sana, asogee kidogo ili mlima uonekane.

Hilo la mtalii alilileta Naserian. Sikumwuliza amelitoa wapi.

Lakini igizo lilikuwa halina moyo. Nilikuwa naliona kama maonyesho ya mavazi, mtu anakuja, mtu anaondoka. Kuna kitu kilikosekana, na kila nikikitafuta nasikia sauti yako, kaamkaje leo. Nikaanza kujiuliza wewe uliutoa wapi usemi ule. Sijawahi kuusikia kwa mtu mwingine yeyote, si kanisani, si sokoni, si shuleni. Na aliyekuwa na jibu nimemzika kihambani, kwenye shamba la ukoo kule mlimani, karibu na mama yake.

Basi Jumamosi moja nikapanda Olmotonyi kwa mamdogo Ruthi.

Mamdogo hajambo. Amepungua, lakini sauti ni ile ile. Tangu baba mdogo astaafu chuo cha misitu wanakaa palepale, na ameotesha kabichi mpaka mlangoni. Alinipikia ng'ande, yale makande ya kwenu ya mahindi na maharage, akaniwekea na maziwa, akanitazama nikila, kama anavyofanya tangu uondoke. Nikamwuliza. Nikamwambia, "Mamdogo, lile neno la mama la kumwuliza nchi kaamkaje, lilianzia wapi?"

Akaweka kikombe chini. Akasema, "Hakuwahi kukuambia?"

Mama, kwa nini hukuwahi kuniambia?

Aliniambia kwamba nyumbani kwenu redio ya kwanza aliileta babu, baada ya msimu mzuri wa kahawa, na ilikuwa kubwa kama kabati la vyombo. Bibi alikuwa hajui Kiswahili isipokuwa cha kusalimia sokoni. Jioni ya kwanza redio ilipowashwa, ilitoka sauti ya mwanamke, anasoma habari, kwa utulivu, kama mtu anayeongea na jirani. Bibi akashtuka. Akakuuliza wewe, kwa sababu ndiye uliyekuwa shule, darasa la nne, huyu mwanamke ni nani ambaye anajua mambo ya watu wote? Na wewe hukujua mtangazaji anaitwaje kwa Kimeru. Mamdogo anasema ulifikiri kidogo, ukamjibu bibi, "Ni nchi ndiyo inasema."

Ndivyo ilivyoanza. Mtoto wa darasa la nne alikosa neno.

Bibi alichukulia kwamba nchi ni mwanamke na sasa amepata njia ya kuwafikia watu nyumbani kwao. Akawa kila jioni akitoka kwenye ng'ombe ananawa mikono, anavaa kitambaa safi kichwani, anakaa mbele ya redio kama mtu aliyepokea mgeni. Anamsalimia. Anakuambia, mwulize ameshindaje, na wewe unajifanya unamwuliza kwa Kiswahili, kisha unamgeuzia majibu. Halafu bibi anatoa habari zake. Mvua ya mawe imepiga maharage. Ng'ombe mwekundu amezaa. Mtoto wa jirani Ndewedo hajapona kifua. Wewe unazipokea zote, unazipeleka kwenye redio kwa Kiswahili, na babu amekaa pembeni anajifanya amelala ili asicheke.

Mamdogo alikuwa anacheka akinisimulia haya. Kisha akaacha.

Akasema kuna jioni moja bibi hakusalimia. Alikaa tu akiitazama ile redio. Taarifa ilipokwisha akakugeukia akasema: mimi nimemwambia yangu yote, tangu kahawa ya mwaka jana mpaka leo. Yeye amewataja watu wa kila mahali. Sisi hajatutaja hata siku moja. Hivi huyu anatufahamu kweli?

 Ulitoka nje ukaenda kukaa kwenye migomba mpaka ukaitwa kula.

Jioni iliyofuata, mama, ukadanganya. Taarifa ilipofika katikati ulimshika bibi mkono ukamwambia, "Umesikia? Amekutaja. Amesema kuna mama mmoja mlimani ambaye ng'ombe wake mwekundu amezaa, na anampa pole ya maharage." Bibi akasimama. Akapiga vigelegele peke yake ndani ya nyumba. Jumapili alikwenda akasimulia uwanjani kanisani, na wanawake wengine, ambao nao hawakujua Kiswahili, wakaanza kuja jioni kusikiliza kama na wao wametajwa. Na wewe ukawataja. Mmoja mmoja, kila jioni jina jingine, shida zao na mbuzi wao, mpaka ulipoolewa ukahamia mjini.

Nilikuwa nimeshika kijiko hewani. Nikamwuliza mamdogo, bibi hakuja kugundua? Mamdogo akanitazama kama ananishangaa. Akasema, "Aligundua siku ileile ya kwanza. Mtu akitajwa na nchi mtoto anatetemeka mkono hivyo? Aliniambia mimi baadaye. Alisema, dada yako anapenda nipate habari njema, mwacheni."

Nilishuka kutoka Olmotonyi nimejifunika kitenge kichwani, nikijifanya ni baridi.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Miaka yote nilidhani ulikuwa unaiga namna ya wazee ya kuongea. Kumbe kila asubuhi ulikuwa unaendelea na mazungumzo ya bibi. Kulikuwa na siku ulizosikiliza ukatabasamu kidogo mahali ambapo hapakuwa na cha kutabasamisha, kwenye bei ya pamba, kwenye kikao cha mawaziri. Je, ulikuwa unamtaja nani kimoyomoyo pale? Ulikuwa unaingiza jina langu? Haya ndiyo mambo ninayotaka kuyajua, na nani wa kumwuliza.

Jumatatu nikawasimulia wanafunzi. Nilidhani watacheka. Gadi alikuwa wa kwanza kusema, akasema taratibu, "Kwa hiyo madam, nchi ilikuwa na mkalimani wa darasa la nne." Na Naserian akanyoosha kidole akasema tulitumie lile swali. Mwisho wa igizo, baada ya mtalii, aje mtu mmoja asiyeomba kitu. Amwulize tu yule mwanamke, "Unatufahamu?"

"Halafu yeye ajibu nini?" nikauliza.

 Wengine walitaka aseme ndiyo. Wengine walitaka aseme hapana, au bado, au nifundisheni. Tulijaribu majibu yote na hakuna lililokaa vizuri mdomoni mwa Naserian.

Mkuu ndiye aliyetupa jibu. Alikuja kwenye mazoezi akakaa mstari wa mbele, mikono kifuani, akaangalia mpaka mwisho. Si mtu mbaya, mama, unamfahamu, ni yule uliyemshonea suti ya harusi ya mdogo wake. Ila ana hofu ya wageni. Akasema foleni ifupishwe. Mambo ya majiko mawili yaondolewe. Mwanamke asimame na gauni zuri la rangi za bendera, atalitafuta yeye mwenyewe, na atabasamu mwanzo mpaka mwisho. "Mwalimu, nchi haiwezi kusimama mbele ya mgeni rasmi imenuna." Na kwenye lile swali la mwisho ajibu, "Nawafahamu nyote, wanangu." Kisha wimbo.

Nilibishana naye. Nilibishana kuliko nilivyowahi kubishana na mkuu yeyote. Foleni ikabaki, majiko yakaondoka, tabasamu na gauni na jibu vikabaki vyake. Alisema asipopata hivyo, basi ngoma zitatosha. Nikatazama watoto waliokuwa wananisikiliza nyuma ya pazia, nikakubali. Usiku ule nilikasirika mpaka nikapiga pasi nguo zilizokwisha pigwa.

Ikafika siku yenyewe. Manyunyu tangu asubuhi, wingu limeshuka mpaka kwenye paa za madarasa ya shule yetu ya Engutoto. Wazazi wamejifunika makoti na mablanketi, mgeni rasmi amepewa kiti chenye mto. Jukwaa liko wazi, nje. Gauni likaletwa saa tuliyokuwa tunaanza, na nilipoliona nilikufikiria wewe, maana ungelipasua mishono palepale. Halikuwa na mikono. Kwapani limevuta, kiunoni linaning'inia, limeshonwa na mtu ambaye hakumpima mvaaji. Naserian akalivaa. Mikono yake ilikuwa na vipele vya baridi. Nikamwuliza kama atastahimili, akaniambia, "Ni dakika chache tu, madam."

Akasimama katikati, akatabasamu.

Mama, sijui kama umewahi kumtazama mtu akitabasamu kwa amri. Mjerumani amekuja, anatabasamu. Mwingereza, anatabasamu. Anapanga foleni ya sukari, anatabasamu. Wanawe wanakwenda vitani, na yeye meno nje, na mashavu yameanza kutetemeka, na mimi nyuma ya pazia natamani kupiga kengele tuache.  Kila aliyekuja jukwaani alikuja na mkono umenyooshwa. Nipe shamba. Nipe barabara. Nipe kazi. Sogea kidogo mlima uonekane. Kwenye mazoezi nilikuwa sijaliona hilo, kwamba hakuna hata mmoja aliyemletea kitu.

Akaja mtoto wa mwisho akauliza, kwa sauti kubwa, kama tulivyomfundisha: "Mama, unatufahamu?"

Naserian akafungua mdomo kutoa jibu la mkuu. Halikutoka. Kwa sababu kutoka kwenye viti vya katikati alisimama mwanamke mzee, mrefu, shanga shingoni, shuka mbili nyekundu begani, akaanza kutembea kuja mbele. Hakuwa na haraka. Watu wakampisha. Mwalimu wa zamu alitaka kumzuia, akamwona usoni, akaacha. Alikuwa ni bibi yake Naserian, koko wake, kama wanavyomwita. Alipanda jukwaani akiwa ameshika goti, akavua shuka moja, akamfunika nayo yule mtoto mabegani, juu ya lile gauni la bendera, akaikaza kifuani. Kisha akamshika kidevu na kumwuliza jambo kwa Kimaasai.

 Mkuu amesimama nusu, hajui akae au aende. Na Naserian, kwa sababu ndiyo kazi anayoifanya kila siku nyumbani na hospitalini na ofisi ya kijiji, akawageukia watu akatafsiri.

"Anauliza," akasema, "wote hawa wamekuja kuomba. Kuna aliyeuliza kama mimi nimekula?"

 Nilisikia mvua kwenye mabati. Kisha mzazi mmoja wa kiume akauliza kutoka nyuma kabisa, "Enhe, amekula?"

Naserian akaangalia watu. Lile tabasamu lilikuwa limeondoka na sasa alikuwa na uso wake. Akasema, "Bado. Tangu asubuhi."

Hapo ndipo kicheko kilipopasuka, lakini kicheko cha namna nyingine, mama, cha watu waliokuwa karibu kulia. Na wale kina mama waliokuwa wanapika nyuma ya bwalo, ambao hawakuwa na habari ya igizo wala uzalendo, wakaja na sahani ya pilau inafuka moshi na kachumbari pembeni, wakapanda nayo jukwaani. Koko akakaa kwenye ukingo wa jukwaa. Naserian akakaa karibu naye. Na pale mbele ya wazazi wote na mgeni rasmi, nchi ikala. Ikala kwa mkono, kwa njaa, shuka imefungwa vizuri, na bibi yake anamtazama kila tonge kama mamdogo anavyonitazama mimi. Wenzake wakaanza kutoka nyuma ya pazia, Mjerumani, Mwingereza, mtalii na kamera yake ya boksi, wakakaa chini kuwazunguka. Gadi akamega tonge kwenye sahani, akapigwa kofi la mkono na koko, na hilo nalo lilipigiwa makofi.

Wimbo haukuimbwa. Jibu la mkuu halikusemwa. Mgeni rasmi alipoitwa kuhutubia alisimama na karatasi zake, akazitazama, akazikunja, akasema yeye mwenyewe hajala vilevile, na tukahamia bwaloni.

Jioni mkuu alinikuta napanga viti. Alizunguka zunguka, akasogeza kiti ambacho hakikuhitaji kusogezwa. Halafu akauliza, "Mwalimu, lile la yule bibi mlilipanga?" Nikamwambia hapana. Akatikisa kichwa muda mrefu. "Basi mwakani msiliondoe," akasema, akaondoka na mwavuli wake. Mpaka sasa nashindwa kujua tutalibakisha vipi jambo ambalo hatukuliweka.

Nimekuwa nikijiuliza koko alielewa kiasi gani. Naserian anasema hakuelewa maneno karibu yote. Aliona tu mtoto amesimama baridini, watu wanapita mmoja mmoja wakimwomba, na yeye anacheka ovyo. Aliona mjukuu wake, basi. Mimi ndiye ninayeona nchi. Lakini labda hata bibi yetu ilikuwa hivyo. Labda alipokuwa akinawa mikono na kukaa mbele ya ile redio, hakuwa anaongea na nchi hata kidogo. Alikuwa amepata njia ya kukaa na binti yake nusu saa kila jioni, binti ambaye shule ilikuwa inamchukua kidogo kidogo kwenda lugha nyingine. Sijui. Nalizungusha tu kichwani nikiwa nachuja chai.

Kitu kimoja kilinichoma siku ile nacho lazima nikuambie. Naserian alipogeuka kutafsiri, bila kufikiri, kama mtu anayefungua mlango wa nyumbani kwao, nilimwonea wivu. Mimi bibi aliponiita kwenye kitanda chake, mara ya mwisho, ulikaa katikati yetu ukatugeuzia maneno. Alisema sentensi ndefu sana akinishika vidole, na wewe ukaniambia, "Anasema usome kwa bidii." Ndefu vile, mama? Sasa najua wewe ni mkalimani wa namna gani. Najua unaweza kuongeza, na nadhani unaweza kupunguza. Sikulaumu. Ila ningependa kujua alisema nini.

Basi nimeanza kupanda Olmotonyi kila Jumamosi. Mamdogo ananifundisha Kimeru mezani, tukichambua maharage. Nimeshajua kusalimia, kuomba maji, kusema mvua imekuja na mvua imegoma. Matamshi yangu yanamfanya acheke mpaka anafuta macho kwa kanga, na baba mdogo anatoka nje ili asinikatishe tamaa. Nakosea sana. Juzi nilitaka kusema nimeshiba, nikasema mimi ni mtungi. Lakini siachi.

Nakuacha upumzike sasa, mama. Chai imepoa na vidole vimekufa ganzi. Ahadi yangu kwako ni hiyo moja tu: nitajifunza mpaka niweze, na siku nitakapoweza nitapanda kihambani, nitasimama katikati yenu wawili, nitawasalimia bila Kiswahili na bila mtu wa kunigeuzia. Nikikosea, bibi atacheka kwanza. Wewe subiri zamu yako.

Mwanao,
Elinaja